Uji wa Handakini

"Ni mtumwa gani, tangu dunia iumbwe, aliyewahi kuweka jembe chini, akamdai bwana wake uji, na uji ukaletwa?" Niliulizwa swali hilo nikiwa na miaka ishirini na mmoja, nimekaa kwenye kiti cha mbao barazani mwa nyumba moja karibu na Kanyakine, na sikuwa na jibu. Aliyeniuliza alizikwa Jumamosi iliyopita. Alikuwa mwalimu mstaafu, na eneo zima lilimwita Mwalimu tu, kana kwamba walimu wengine wote walikuwa wasaidizi wake. Habari za kifo chake nilizipata kwa simu kutoka kwa mama yangu, aliyeniambia kwamba mzee ameondoka usingizini akiwa na zaidi ya miaka tisini, kisha akangoja niseme pole. Sikusema. Wasomaji wa safu hii mmezoea kunisoma nikiwasema walio hai, na baadhi yenu mmeniandikia kwamba nina mdomo. Leo nitamsema aliyekufa, wala sitaomba radhi. Yeye alikuwa mtu wa hoja, na mtu wa hoja huvunjiwa heshima siku watu wanapoacha kumbishia.

Nilimfahamu kwa sababu ya kibao. Nyuma ya shule ya msingi ya kijijini kwa nyanya yangu kuna mfereji mpana ulioota nyasi, ambao mgeni anaweza kudhani ni njia ya maji ya mvua. Hayo ndiyo mabaki ya handaki lililochimbwa kando ya msitu wa mlima wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya mwisho ya ukoloni, ili wapiganaji waliokuwa msituni wasipate kushuka kutafuta chakula, na watu wa vijijini wasipate kuwapelekea. Ndani yake ilisimamishwa miti iliyochongwa ncha kama mikuki. Wachimbaji wengi walikuwa wanawake, maana wanaume ama walikuwa vizuizini, ama msituni, ama walikuwa homgadi, upande wa serikali wakishika marungu. Kamati ya shule iliamua kuweka kibao cha saruji mahali hapo, na kama ilivyokuwa desturi, maneno ya kuandikwa aliombwa Mwalimu ayatunge. Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Nchiru, nasoma historia, nimekuja likizo nikiwa na hakika kwamba ninajua mambo yote isipokuwa machache. Nyanya, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, alinichukua hadi kwenye kibao akaniambia nimsomee.

Nikasoma: "Handaki hili lilichimbwa na wananchi wa hapa kwa ujima, wakati wa Hali ya Hatari."

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Kwa ujima," akarudia polepole. "Ameandika hivyo? Mwalimu yule yule?"

"Ndiye."

"Nenda kamwambie atoe hilo. Mwambie mimi ndiye niliyekutuma. Sitaki kufa nikiliacha hapo watoto wa watoto wangu walisome kila wakipita."

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, ujima si jambo dogo. Ni kazi ya zamu. Leo wanawake kumi wanalima kwangu, kesho sote tunakwenda kwa jirani, mpaka mzunguko utimie. Sheria zake mbili zinajulikana hata na mtoto. Mwenye shamba hupika uji wa wimbi, mwingi na mzito, na mwenye shamba ana deni la jasho, yaani naye lazima achukue jembe aende kwa wenzake. Anayekunywa uji wako amekubali kazi yako, na hawezi kuiacha nusu. Hakuna karatasi inayoandikwa, lakini sijawahi kuona mkataba wa mwanasheria unaoshika kama huo. Kuandika kwamba handaki lilichimbwa kwa ujima ni kusema kwamba nyanya yangu aliitwa, akaridhika, akala, akalipwa jasho kwa jasho. Yeye alisema aliamshwa kwa teke mlangoni.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Mwalimu nikiwa nimejaa hasira na tanbihi za vitabu. Alinipokea vizuri sana, jambo ambalo liliniudhi. Alinitilia chai mwenyewe, akaniuliza habari za masomo, akauliza profesa wangu anatumia vitabu gani, akaviponda viwili kwa sababu ambazo baadaye niliziona za haki. Kisha akasema, "Haya, mwari. Nyanya yako amekutuma na fimbo gani?" Nikamweleza. Hakukasirika hata kidogo. Aliegemea kiti kama mtu aliyeletewa chakula akipendacho.

Nilianza mahali nilipodhani ni pabaya zaidi kwake. Kila aliyepita mikononi mwake anajua kwamba siku zile, akiwa kijana mwenye cheti kipya, alifundisha darasa la nne somo la kukomeshwa kwa utumwa. Aliandika ubaoni sababu mbili. Sababu ya kwanza, utumwa ni dhambi, kwa kuwa binadamu si mali ya binadamu mwenzake. Sababu ya pili, utumwa ni hasara, kwa kuwa mtu huru hufanya kazi kwa moyo na mtumwa hufanya kazi kwa jicho la msimamizi. Watoto walikariri sababu hizo kwa sauti moja hadi zikasikika barabarani. Kisha kengele ikilia, Mwalimu huyo huyo alifuta mikono chaki, akapanda mlima hadi handakini, na kuita majina ya mama zao mmoja mmoja, kwa sababu chifu hakujua kusoma na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya Mwingereza, hakujua Kimeru.

"Hukuona aibu?" nikamuuliza.

"Aibu ya nini? Niliwafundisha ukweli. Utumwa ni kununua mtu na kumuuza. Nani alinunuliwa pale? Nyanya yako aliuzwa soko gani? Jioni alirudi kwake."

"Alirudi kwenye kijiji kilichozungushiwa ua na lindo la homgadi."

"Alirudi kwake," akasema tena, kwa sauti ya kumsahihisha mtoto.

Nikamwambia kwamba mwenye mtumwa angalau ametoa kitu mfukoni. Mtumwa akiugua, bwana wake hulala na wasiwasi. Mtumwa akifa, bwana wake amepata hasara. Wale wanawake walikuja na majembe yao, na viazi vyao vimefungwa kwenye nguo, na watoto wao mgongoni, na aliyeanguka alifuatwa na jina linalofuata kwenye orodha. Ile sababu yake ya pili haikuwagusa waliowachimbisha, kwa kuwa walikuwa wamegundua kazi isiyo na hasara. Ikabaki sababu ya kwanza peke yake, na dhambi peke yake haijawahi kusimamisha mradi wa serikali. Nilijivunia sana hoja hiyo. Bado naipenda.

Mwalimu alicheka. Akasema, "Umesoma vizuri. Sasa nikuambie jambo ambalo nyanya yako hakukuambia." Na hapo ndipo aliponieleza habari za mgomo wa uji.

Ilikuwa hivi. Wageni walikuwa wanakuja kutoka Uingereza kuuliza maswali, maana maneno yalikuwa yamefika huko kwamba watu wanafanyishwa kazi bila malipo. Bwana Shauri alitaka jibu. Kijana mwenye cheti akampa. Alimwambia kwamba watu hawa wana desturi yao ya kusaidiana, iitwayo hivi na hivi, na handaki ni ujima wa kijiji kizima kwa usalama wa kijiji kizima. Bwana Shauri alipenda sana. Akaamuru litangazwe handakini, ili wachimbaji nao wajue wanachofanya. Mwalimu akasimama juu ya kifusi asubuhi akawatangazia wanawake kwamba hii si kazi ya lazima, ni ujima wao wa jadi.

Kilichofuata hakukitarajia, ingawa mtu yeyote aliyezaliwa kwetu angepaswa kukitarajia. Jua lilipofika utosini, mwanamke mmoja aliweka jembe chini, akapanda juu, akakaa ukingoni. Wa pili akafuata. Kabla ya muda mrefu wote walikuwa wamekaa mstari mmoja, miguu ikining'inia handakini, kila mmoja ameshika kibuyu chake mapajani. Hawakupiga kelele. Homgadi wakashuka wakitukana, na wanawake wakawatazama kama watu wanaosubiri kitu kinachojulikana.

Mwalimu akawauliza kuna nini. Aliyetangulia kukaa, ambaye alikuwa na miaka kama kumi na tisa hivi na ndiye baadaye akawa nyanya yangu, akamjibu, "Tumekuja kwenye ujima wako, Mwalimu. Jungu liko wapi?"

"Jungu gani?"

"Jungu la uji. Au kwenu mtu akiita ujima huwalisha watu udongo?"

Wakacheka mstari mzima. Mwingine akadakia kutoka upande wa pili, "Na kesho uje kwangu na jembe. Magugu yamenifika kiunoni. Mwambie na Bwana Shauri wako aje, mgongo wake bado mpya."

"Anasema nini?" Bwana Shauri akauliza. Mwalimu akatafsiri maneno ya uji, akayaacha ya mgongo.

Nyanya alikuja kuniambia kwamba wazo lile walilipata kwa mdogo wake wa kike, aliyekuwa darasa la nne na aliyekuwa akikariri sababu mbili za Mwalimu kila jioni akipura maharagwe. Walizisikia mpaka wakazijua, na siku lilipotangazwa neno ujima, wakaona mlango umeachwa wazi. Kama ni utumwa, Mwalimu mwenyewe amefundisha kwamba ni dhambi. Kama ni ujima, basi ufuate sheria. Hawakuwa na njia ya tatu, wala hawakumwachia yeye njia ya tatu. Naona huo ndio ubishi bora niliowahi kuusikia kutoka wilaya hii, na ulifanywa na watu ambao hawakujua kuandika majina yao.

Walikaa siku hiyo hadi jioni. Siku ya pili wakakaa tena, na wachache wakapigwa, lakini si sana, kwa kuwa wageni walikuwa njiani na alama za fimbo hazifai mbele ya wageni. Siku ya tatu lori lilipanda mlima na masufuria makubwa, na uji ukapikwa palepale ukingoni, na kila kibuyu kikajazwa. Wageni walifika wakawakuta wanawake wanakunywa. Mmoja wao akapiga picha. Wakarudi kwao wakasema walichokiona. Mchana ule ule wanawake wakashuka handakini, na hawakuketi tena mpaka likaisha, miezi mingi baadaye.

Mwalimu aliinuka, akaingia ndani, akarudi na picha ile ndani ya fremu. Nilimtambua nyanya mara moja kwa paji la uso, ambalo ni langu. Alikuwa wa tatu kutoka kushoto, kibuyu kikiwa mdomoni. Hapo ndipo mzee aliponiuliza swali lile la mtumwa na uji. Nilitazama picha, nikatazama chai yangu. Kwa sheria zetu wenyewe, anayekunywa uji amekubali kazi. Yeye alilijua hilo, nami nililijua. "Walidai, wakapewa, wakanywa, wakamaliza kazi," akasema. "Ukipata neno lingine zaidi ya ujima, niletee, nami kibao nitakibadilisha mwenyewe." Nilirudi kwa miguu hadi kwa nyanya.

Nilimkuta anamenya maharagwe. Nikamwambia kila kitu, nikitumaini atanipa jibu la kumrudishia. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Picha bado anayo?" akauliza.

"Anayo."

"Nami nimo?"

"Umo."

Akamenya maharagwe mengine machache. "Basi muache," akasema. "Usiende tena."

Hakulitaja tena jambo la kibao, naye alifariki miaka mitatu iliyopita, na kibao bado kipo. Kwa muda mrefu nilidhani alishindwa kwa hoja, na nikamwonea huruma kidogo, jambo ambalo leo linanichoma kuliko yote ninayoyaandika hapa.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kushtuka nikisikia uji ukitajwa. Mwaka jana nilikuwa Timau kuandika habari za vibarua wa mashamba, na msimamizi mmoja, kijana wa umri wangu, aliniambia kwa fahari kwamba malalamiko hayana msingi kwa sababu saa nne kila mtu hupata kikombe. Wenzangu tuliomaliza nao Nchiru wamefanya kazi maofisini mwaka mzima bila mshahara, wakiambiwa kwamba wanapata uzoefu, na chai ipo. Sisemi kwamba hayo ni sawa na handaki. Hakuna aliyewapiga teke mlangoni. Nasema tu kwamba mazungumzo yanafanana. Watu wetu tunaujua sana utumwa wa mbali, ule wenye minyororo na soko, na tunaulaani kwa sauti moja kama darasa la nne. Utumwa ukisogea hadi mlangoni kwetu ukiwa umevaa jina la desturi, au la maendeleo, tunaanza kuuliza maswali ya kitaalamu. Mwalimu hakuwa mtu mjinga, wala sidhani alikuwa katili. Alikuwa mtu aliyepewa kazi ya kutafuta neno zuri, akalipata, kisha akaishi ndani yake miaka sabini kwa raha. Hilo ndilo linalonifanya nimchukie. Katili huweza kuchoka. Mwenye neno zuri hachoki.

Jumamosi nilikwenda mazishini kwa sababu mama alinilazimisha. Watu walikuwa wengi, na hotuba zilikuwa ndefu. Mheshimiwa mmoja akasimulia, kama ilivyotarajiwa, jinsi marehemu katika miaka ile migumu alivyohakikisha akina mama wa handakini wanapata uji moto, na watu wakapiga makofi. Niliondoka nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye mapishi. Masufuria ya mazishi makubwa huku kwetu hukodishwa mjini Meru, kwa familia moja ya Kiislamu ambayo imekuwa ikipikia harusi na maziko tangu zamani, na mwenye masufuria huja nayo. Alikuwa bibi mzee wa miaka kama themanini, mtandio umefungwa vizuri, amekaa kwenye kreti ya soda akiwasimamia vijana waliokuwa wakipakua wali. Akaniona nimenuna.

"Marehemu alikuwa nani wako?"

"Hakuwa mtu wangu, bibi."

"Mbona umekasirika kama mjane?"

Nikacheka bila kupenda, nikamwambia kwamba nyanya yangu alichimba handaki. Akanitazama kwa makini, kisha akanisogezea kreti nyingine. Aliniambia kwamba uji ule ulipikwa na mama yake, na kwamba yeye, akiwa msichana wa miaka kumi, alipanda kwenye lori na masufuria. Nikamwambia lile swali la Mwalimu. Hata halikumsumbua. "Bibi yangu mimi alinunuliwa," akasema, kama mtu anayetaja kijiji alikotoka. "Alitolewa bara ya mbali akauzwa mara mbili kabla hajafika hapa na msafara. Alikuwa akipikiwa kila siku. Mtumwa asipokula atachukuaje mzigo? Huyo mwalimu wenu aliuliza swali ambalo mtumwa yeyote angemjibu."

Ningetosheka na hilo. Lilikuwa jibu nililolikosa nikiwa na miaka ishirini na mmoja, na nilianza kulitungia sentensi kichwani. Nimejifunza, nikajiambia, kwamba usijibu swali la mwenye nguvu kabla hujamuuliza lako. Sikujua kwamba langu nilikuwa sijaliuliza bado. Siku zote nilizungukia habari ya nani alidai uji na nani alikunywa, na katika miaka kumi haikunijia hata mara moja kuuliza wimbi lilitoka wapi. Nikamuuliza bibi, kwa kupitisha wakati tu, wali ukiendelea kupakuliwa.

Akasema lilitoka kwenye ghala la chifu, ambako vyakula vilirundikwa siku watu walipohamishwa na nyumba zao kuchomwa. Lililetwa kwao likiwa bado kwenye masuke, mafungu madogo yaliyofungwa kwa kamba za mgomba, kila nyumba na fundo lake, meusi kwa masizi. Mama yake alivunja fungu la kwanza, akanusa, akaacha. Wimbi la kula halikai juu ya meko. Linalowekwa huko, likapigwa na moshi mwaka mzima ili lisiliwe na wadudu, ni la kupanda. "Na wale wanawake walijua," bibi akasema. "Kila mmoja alipiga funda moja akasimama. Ladha ya moshi haifichiki. Walikuwa na njaa ya siku tatu, na watoto mgongoni. Wakatazamana, wakanywa. Mvua zilipokuja hawakuwa na cha kutia ardhini." Na kabla ya hapo, alfajiri, kabla jungu halijatiwa moto, mama yake alikuwa amempelekea Mwalimu fungu moja mkononi, akamwambia, mwanangu, hii ni mbegu ya watu. Mwalimu alilipokea, akaligeuza, akalitazama fundo, akamrudishia. "Najua, mama," akamwambia. "Pika."